Kutoka Utarajali hadi Ubingwa wa Magonjwa ya Akili: Mwongozo kwa Daktari Kijana Aliyeko Kigoma

Kwa Sensa ya 2022, Mkoa wa Kigoma una watu zaidi ya milioni 2.4. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko Dodoma, zaidi ya kilomita 700 kutoka stesheni ya Kigoma. Nchi nzima mabingwa wa magonjwa ya akili hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki moja, na wengi wao wako Dar es Salaam, Dodoma na miji mingine mikubwa. Kwa hiyo daktari kijana wa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, au wa Kasulu au Kibondo akitangaza kwamba anataka kusomea magonjwa ya akili, atasikia mengi. Nyumbani watamuuliza kama fani nyingine zilimkataa. Kazini watamtania kwamba baada ya miaka mitano atafanana na wagonjwa wake. Acha waseme.

Wengi huipanga safari hii hivi: nikasome kwanza, nirudi na cheti, ndipo nianze kuwahudumia wagonjwa wa akili. Mwongozo huu unaupindua mpango huo. Huduma ianze sasa, ukiwa daktari wa kawaida, kwa dawa tano sita zilizopo na rejista moja. Ukifika chuoni ukiwa na maswali ya wagonjwa wa Uvinza kichwani, masomo yatakufaa zaidi kuliko ukifika na hamu tu.

Hatua ya kwanza: watambue wagonjwa ambao tayari wako mbele yako

Utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini baada ya shahada ya udaktari, ni mwaka mmoja, na sehemu kubwa inaliwa na tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Usisubiri zamu ya kliniki ya akili. Wagonjwa wenyewe wako wodini na kwenye foleni ya wagonjwa wa nje (OPD), ila hawajaandikwa hivyo.

Mgonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, haji akasema ana sonona. Mazungumzo huwa kama haya:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto, usingizi sina."

"Pole sana mama. Yameanza lini?"

"Tangu mvua za vuli."

"Na nyumbani kukoje?"

"Nyumbani tupo tu. Baba watoto alivuka Kongo, mwaka wa pili huu. Shamba limenishinda."

"Mama, kuna siku unaona heri usingeamka?"

"Zipo, mwanangu."

Mama huyu ameshapimwa malaria mara kadhaa, amepewa dawa za vidonda vya tumbo, na mara moja aliambiwa ana presha. Swali la nyumbani na lile la kutoamka halikuwahi kuulizwa, basi. Zoea kuuliza habari za kujiua waziwazi, kwa sauti ile ile unayoulizia kikohozi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapata pa kulitua. Dodoso la PHQ-9 la kupima sonona lipo kwa Kiswahili, lina maswali tisa, na la tisa ndilo hilo. Lisome kwa sauti, usimpe mgonjwa karatasi ajaze mwenyewe. Na kama Kiswahili chake ni cha kuombea maji, tafuta mtu mzima anayejua Kiha vizuri. Mtoto wake asifanywe mkalimani. Hakuna mama atakayesema mbele ya binti yake wa miaka kumi kwamba anatamani kufa.

Jizoeze pia upande wa pili: kutomwita mgonjwa wa akili mtu ambaye hana ugonjwa wa akili. Kijana analetwa amefungwa kamba, anaongea ovyo, ndugu wanasema amerogwa au amevuta bangi. Kabla ya haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, pima joto, malaria, sukari, VVU na kaswende, angalia shingo kama imekakamaa, uliza kama aliacha pombe ghafla siku mbili tatu zilizopita. Aliyechanganyikiwa kwa ghafla, ambaye fahamu zake zinapanda na kushuka kati ya asubuhi na usiku, ana ugonjwa wa mwili mpaka uthibitishe vinginevyo. Kigoma malaria haijaondoka, na malaria ya ubongo ikikaa wodini kwa jina la kichaa inaua. Mama aliyejifungua wiki iliyopita naye asiachiwe jina la kichaa cha uzazi kabla ya kupimwa homa na maambukizi ya kizazi.

Hatua ya pili: anza na kifafa

Hili litawashangaza wanaodhani fani hii ni mazungumzo kwenye kiti laini. Katika hospitali zetu, kliniki ya akili ndiyo kliniki ya kifafa pia, na siku nyingi wenye kifafa ndio wanaojaza benchi. Daktari mgeni hulalamika kwamba hiyo ni kazi ya bingwa wa mishipa ya fahamu. Naona anapoteza nafasi. Kifafa ndicho kitakachokujengea jina kijijini, kwa sababu matokeo yake yanaonekana. Mtoto aliyekuwa anaanguka kila wiki akikaa miezi mitatu bila kuanguka, kijiji kizima kimeona, na mwezi unaofuata utaletewa yule kaka aliyefungiwa chumba cha nyuma.

Njia hii imewahi kupitiwa hapa hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuwa Mahenge, mkoani Morogoro, akakuta watu wenye kifafa wametengwa na kuogopwa, wengi wakiwa na majeraha ya moto. Alianzisha kliniki kwa dawa za bei nafuu na kuwafuatilia wagonjwa wake. Baadaye alisomea magonjwa ya akili, na maelezo yake kuhusu watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa yaliendelea kusomwa na watafiti miongo mingi baadaye. Kliniki ilitangulia, ubingwa ukafuata.

Kwa mtu mzima fenobabito, dawa ya kifafa, huanza na miligramu 60 usiku, mara moja tu kwa siku, na ni ya bei ndogo. Mweleze mgonjwa na ndugu yake kwamba isiachwe ghafla, maana degedege la kuacha dawa ni baya kuliko lile la mwanzo. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, usimwandikie msichana wala mwanamke anayeweza kushika mimba kama kuna njia nyingine, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni. Kwa anayetumia ARV, kumbuka kwamba kabamazepini, nayo ya kifafa, hushusha mwilini kiwango cha dolutegraviri, moja ya ARV hizo. Wakilazimika kwenda pamoja, dolutegraviri huwa miligramu 50 mara mbili kwa siku. Fenobabito nayo ina tatizo hilo hilo, kwa hiyo ongea na wenzako wa CTC, kliniki ya tiba ya VVU, kabla ya kuandika chochote.

Halafu kuna ziwa. Mvuvi mwenye kifafa anayevua dagaa usiku ana hatari mbili kwa mpigo: kukosa usingizi kunaita degedege, na degedege kwenye mtumbwi ni kifo. Kumwambia aache kuvua bila kumwonyesha atakula nini ni maneno matupu. Afadhali mkubaliane abaki ufukweni kuanika na kuuza mpaka akae muda mrefu bila kuanguka, na akirudi majini asiende peke yake.

Hatua ya tatu: rejista na dawa

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Usawa katika afya ya akili hujadiliwa sana kwenye makongamano kwa maneno mazuri. Wilayani usawa ni swali moja: mgonjwa akija tarehe aliyopangiwa, dawa ipo? Ametoka Buhigwe, amelipa nauli yake na ya ndugu wa kumsindikiza, wameacha shamba siku nzima, wanafika dirishani wanaambiwa dawa imekwisha, wakanunue duka la dawa. Wakirudi mara mbili hivyo, hawarudi tena. Baada ya miezi sita analetwa kwa kamba, na kwenye faili unaandika kwamba mgonjwa hakufuata matibabu.

Fanya hivi. Fungua daftari lako pembeni ya rejista ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya. Kwa kila mgonjwa andika jina, kijiji na kitongoji, namba ya simu ya ndugu, ugonjwa, dawa na dozi, tarehe ya kurudi, na kama amekuja. Mwisho wa mwezi piga hesabu. Kwa mfano, ukiwa na wagonjwa 40 wanaotumia fenobabito vidonge viwili vya miligramu 30 kila usiku, unahitaji vidonge 2,400 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa miezi mitatu, na akiba juu yake. Peleka namba hiyo kwa mfamasia kabla hajatuma oda Bohari ya Dawa, usiipeleke baada. Dawa za akili hukosekana mara nyingi kwa sababu hakuna aliyeziombea kwa hesabu: oda inafuata matumizi yaliyopita, matumizi yaliyopita yalikuwa madogo kwa sababu dawa haikuwepo, na mzunguko unaendelea hivyo mwaka hadi mwaka. Daftari lako ndilo linaloukata.

Namba hizo hizo zipeleke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya wakati timu yake inaandaa mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Usiende na hotuba kuhusu unyanyapaa. Nenda na karatasi moja inayosema wagonjwa wangapi, kutoka kata zipi, dawa gani, kiasi gani, shilingi ngapi. Karatasi hiyo inaingia kwenye bajeti.

Kwa wanaokaa mbali, sindano ya mwezi ni mkombozi. Flufenazini ya mafuta, dawa ya saikosisi (kusikia au kuamini yasiyokuwepo) ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa jina la Modecate, huanza na dozi ya majaribio ya miligramu 12.5, kisha kwa kawaida 25 kila wiki nne au karibu na hapo. Muuguzi wa zahanati anaweza kuichoma. Mwonyeshe mwenyewe kwa macho yake shingo inavyopinda na macho yanavyopanda juu pale dawa inapomkataa mgonjwa, na ahakikishe benzheksoli au promethazini, dawa za kuondoa mkakamao huo, ipo kabatini kabla ya sindano ya kwanza. Ndugu wakiliona tukio hilo bila kuandaliwa, wataamini mmemzidishia majini.

Amitriptilini kwa sonona ni nzuri na ipo, lakini ni sumu kali kwa dozi kubwa. Mwenye mawazo ya kujiua mpe ya wiki moja, na ikae kwa ndugu.

Suala la malipo: sera ya misamaha inawagusa wenye magonjwa sugu, ya akili yakiwemo. Wengi hawajui, na dirisha la malipo nalo husahau. Mjue afisa ustawi wa jamii wa hospitali yako kwa jina, unywe naye chai. Atakusaidia kuliko mkuu wa idara.

Hatua ya nne: makaratasi ya kwenda kusoma

Hapa ni pa kupita haraka, maana vyuo vinabadilisha fomu kila mwaka. Maliza utarajali, pata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, fanya kazi kidogo. MMed, shahada ya ubingwa, ya magonjwa ya akili katika MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ni miaka mitatu, na Muhimbili ndipo sehemu kubwa ya mafunzo ilipo. Ukitazama nje, Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya akili ya Mathari jirani, Makerere ya Uganda wana ya Butabika. Kama umeajiriwa serikalini, barua ya ruhusa ya mwajiri ianze kutembea mapema, kwa sababu inapita meza nyingi, na bila hiyo mshahara unaweza kusimama. Ufadhili wa serikali kwa masomo ya ubingwa upo, na fani zenye uhaba huangaliwa kwa jicho zuri. Ukiulizwa kwenye barua kwa nini magonjwa ya akili, usiandike kwamba unapenda kusaidia watu. Andika namba za daftari lako.

Hatua ya tano: miaka mitatu ya kuchagua vizuri

Utafundishwa mengi ya lazima. Yale ya hiari yachague ukiikumbuka Kigoma.

Omba muda Mirembe, na hasa Isanga, panapofanyiwa uchunguzi watuhumiwa na wafungwa ambao mahakama ina shaka na akili zao. Ukirudi mkoani, hakimu atakuandikia wewe. Ripoti ya mahakama iliyoandikwa vibaya inaweza kumweka mtu mahabusu miaka. Isome Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 yenyewe, si maelezo ya mtu juu yake: nani anaweza kulazwa bila ridhaa yake, kwa ombi la nani, na mahakama inaingia wapi. Jua pia kwamba Kanuni ya Adhabu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na ndiyo maana familia nyingi huleta mgonjwa aliyekunywa dawa ya panya zikisema alikunywa kwa bahati mbaya. Usimbane ndugu mbele ya watu. Okoa maisha kwanza, kisha kaa na mgonjwa peke yake.

Tafuta mafunzo ya watoto. Mkoani hakuna atakayekupunguzia kazi hiyo: mtoto asiyeongea akiwa na miaka minne, binti aliyeacha shule kwa kupagawa, mtoto wa kifafa aliyefukuzwa darasani. Jifunze na tiba ya waraibu. Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011, na kuna mengi ya kuona pale, ingawa nyumbani utapambana zaidi na gongo na bangi kuliko heroini.

Tasnifu ifanyie mkoani kwako. Profesa anaweza kukushawishi ufanyie Dar es Salaam kwa sababu ni rahisi. Mshukuru, kisha rudi kwenye daftari lako. Swali kama "wagonjwa wangapi wa kliniki ya Kasulu hukosa tarehe yao, na kwa nini" ni dogo, linajibika, na majibu yake utayatumia siku ya kwanza kazini.

Hatua ya sita: umerudi, sasa usikae kliniki

Mtego mkubwa wa bingwa wa kwanza katika mkoa ni kuona kila mgonjwa mwenyewe. Utaona wagonjwa wengi kwa siku, utachoka, na bado vijiji vya mbali vya mwambaoni, Kalya na Kagunga, hawatakuona kamwe. Kazi yako ni kumfanya tabibu na muuguzi wa kituo cha afya waweze magonjwa matano: saikosisi, sonona, kifafa, ulevi, na hatari ya kujiua. Shirika la Afya Duniani limeandaa mwongozo wa mhGAP kwa watu hawa hasa, wasio mabingwa, na toleo lake la pili ni la mwaka 2016. Semina ya siku tano hotelini haitoshi hata kidogo. Kinachobaki ni wewe kukaa kwenye kiti cha pembeni zahanati, muuguzi anamwona mgonjwa, wewe unanyamaza, mnaongea akishatoka.

Mifano ya Afrika ipo ya kutosha. Nchini Nigeria, Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 kule Aro, Abeokuta, kuwapanga wagonjwa wakae kwenye nyumba za wanakijiji na ndugu zao huku wakitibiwa. Zimbabwe, Dixon Chibanda na wenzake walianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mwenye mawazo mazito kwa hatua za kutatua tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kigoma ina akina bibi. Ina pia miti ya miembe yenye vivuli, na mabenchi ya mbao fundi yeyote wa Ujiji atakutengenezea.

Waganga wa kienyeji na wachungaji wasiwe maadui zako. Wagonjwa wako wengi wamepitia kwao, na watapitia tena. Nenda, salimia, kaa, usihutubie. Omba mambo mawili: mgonjwa asifungwe minyororo wala kunyimwa chakula, na anayetumia dawa asiambiwe aziache wakati wa maombi au matambiko. Wengi watakubali. Asiyekubali, mwache na mlango wazi.

Kambi za wakimbizi ni sura nyingine ya mkoa huu. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipomiminika. Kule mwenye ndoto za kutisha na hasira za ghafla pengine hana haja ya kidonge kwanza. Ana haja ya kujua ndugu yake yuko wapi, na kama kesho atahamishwa. Usikimbilie kumfukua mtu yaliyompata. Uliza usingizi, chakula, usalama wa usiku, nani anakaa naye. Mkalimani wa Kirundi au Kibembe mfundishe mapema kwamba ya humu hayatoki, na umwulize hali yake yeye pia, kwa maana mara nyingi anatafsiri msiba uliompata na yeye.

Dawa zikimtuliza mtu, swali la pili ni kazi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Wagonjwa wako waliopona nusu nusu wanaweza kuunda kikundi, lakini mtu wa kuwaandikia barua na kuwasindikiza kwa afisa maendeleo ya jamii lazima awepo. Mawese, mizinga ya nyuki, kuanika dagaa: wao wanajua zaidi kuliko wewe nini kinauzika.

Ratiba ya ziara za mwambaoni ipange kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hulala majumbani. Kliniki ikiangukia siku hizo utawapata wanaume, na boti utapata kwa urahisi. Kwa vijiji vya bara fuata siku ya gulio, maana nauli ya gulio imeshalipwa. Beba sindano za mwezi na zile za kutuliza, dawa za kuzuia kukakamaa, fenobabito ya kutosha kila mgonjwa hadi ziara ijayo na wiki mbili za ziada, kwa sababu ziwa lina siku zake. Kabla ya kuondoka, hakikisha muuguzi ana namba yako na wewe unayo yake, na mkubaliane siku ya kupigiana. Ijumaa mchana ni nzuri. Jumatatu zahanati imejaa watoto wa kliniki na hatapokea.